Mkole, mtundwi au mkunazi: upi uubakize shambani kwako Dodoma?

Mtu akipata shamba huku kwetu, iwe Chamwino, Bahi, Kongwa au pembezoni mwa jiji kule Nala na Iyumbu, jambo la kwanza analofikiria ni kusafisha. Anatafuta vijana wenye mapanga na majembe, au mfuko ukiruhusu anakodi greda, na jioni pori lote limebaki udongo mwekundu mtupu. Kisha anakwenda kununua miche ya michungwa na miparachichi, anaimwagilia kwa maji ya dumu, na kiangazi cha pili kikifika nusu ya miche imekauka. Dodoma hupata takriban milimita 570 za mvua kwa mwaka, na karibu zote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua na upepo. Mche uliozoea maji ya Lushoto hauwezi kustahimili hilo bila mtu wa kuulea kila siku.

Naandika kwa ajili ya mtu huyo, kabla hajampigia simu mwenye greda. Katika vichaka anavyotaka kuving'oa, mara nyingi vimo vitatu vinavyozaa matunda ya kuliwa, na vyote vimeishi hapo bila kumwagiliwa hata kopo moja la maji: mkole, mtundwi na mkunazi. Havifanani kazi, na si kila mmoja anavihitaji vyote.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kama shamba lako tayari lina visiki vya mkole, anza na mkole. Kama unachotafuta ni fedha ya matunda, mkunazi wa kubebesha, yaani wa pori uliopachikwa jicho la aina yenye tunda kubwa, ndio wako. Mtundwi ukiukuta usiukate, lakini usiupande kwanza.

Kuvitambua kabla ya panga

Mkole (huku wa kawaida ni Grewia bicolor, ingawa jamii yake ina spishi zaidi ya 100) ni kichaka cha mashina mengi yanayotoka chini, au mti mdogo. Shika tawi ugeuze jani: upande wa juu ni kijani, upande wa chini ni mweupe wenye ukijivu kama umepakwa majivu. Maua yake ni madogo ya njano. Tunda ni dogo kuliko punje ya njegere iliyoshiba, mara nyingi mawili yameshikana kama pacha, rangi ikianzia chungwa na kuishia kahawia au zambarau iliyokolea. Vunja kitawi kibichi ukivute. Hakikatiki kirahisi, kwa sababu gome linachunika kwa ukanda mrefu na kubaki linaning'inia mkononi.

Mkunazi (Ziziphus mauritiana) nao una jani jeupe chini, na hapo ndipo wageni wengi wanachanganya. Tofauti iko kwenye miiba. Mkole hauna. Mkunazi unayo kwa jozi kwenye kila kifundo, mmoja umenyooka na mwenzake umejipinda kama ndoana, na ule uliojipinda ndio unaochana mashati ya watu. Pia jani la mkunazi lina mishipa mitatu mikubwa inayoanzia pamoja kwenye kikonyo.

Mtundwi (Ximenia caffra), ambao Wagogo wengi huuita mtundwe, una miiba mifupi ya mojamoja na majani yanayoota kwa vishada. Ukiwa na matunda huwezi kuukosea: ni mekundu, yenye urefu wa sentimita mbili na nusu hadi nne, na ngozi ina madoadoa meupe. Una ndugu yake, Ximenia americana, mwenye matunda ya njano au chungwa na majani ambayo ukiyafikicha hunukia lozi chungu.

Mkole, ambao watu huudharau

Sababu ya kuudharau ni tunda lenyewe. Lina kokwa kubwa na nyama kiduchu. Mtoto anatia kiganja kizima mdomoni, anafyonza utamu, anatema kokwa, anachuma tena. Mtu mzima aliyezoea embe la Mpwapwa atauliza hapa nimekula nini. Lakini tunda hilo lina sukari nyingi, na likikaa juani hukauka badala ya kuoza. Kole zilizokauka huhifadhika, zikalowekwa baadaye kupata kinywaji au zikatwangwa kwa uji. Ndiyo sifa ninayoiona kubwa kuliko ladha, maana tunda la msimu lisilohifadhika halimsaidii mtu Oktoba, ghala linapoanza kuonyesha sakafu.

Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, majirani zetu wa kaskazini, bado huchuma matunda ya jamii hii kwa wingi. Kwao matunda madogo ya porini ni chakula kamili, pamoja na asali, nyama, ubuyu na mizizi. Sudan ndugu wa mkole aitwaye Grewia tenax hutengenezewa kinywaji kinachoitwa gudeim, ambacho kila mtu wa huko anakijua, na matunda hayohayo huchanganywa kwenye uji wa wajawazito. India wamekwenda mbali zaidi. Wanalima Grewia asiatica kama zao la bustani, wanaliita falsa, wanauza tunda bichi na sharubati yake wakati wa joto. Sisi tunao ndugu wa mimea hiyo mlangoni na tunawafanya kuni.

Huko India kuna funzo moja zaidi. Mashina ya falsa hukatwa kila mwaka, kwa sababu tunda huzaliwa kwenye matawi mapya. Kwa hiyo kupogolea hakuui mmea wa jamii hii. Ukiukata vizuri unachipua kwa nguvu zaidi.

Tukiacha tunda, mkole una kazi nyingine nne au tano. Magome yake ni kamba. Kabla ya waya na kamba za plastiki, fito za nyumba za tembe zilifungwa kwa magome ya miti ya namna hii, na kamba mbichi ya mkole ikikauka hubana kabisa. Mashina yake marefu yaliyonyooka hutoa fimbo za wachungaji, mipini myepesi, pinde na mishale. Mbuzi hupenda majani yake, na kwa kuwa mizizi iko chini sana, yanabaki kijani wiki kadhaa baada ya nyasi kunyauka. Maua yake huvutia nyuki, jambo la kuangaliwa na yeyote mwenye mizinga. Gome likilowekwa hutoa utelezi, na hilo si la kushangaza kwa sababu mkole ni jamaa wa karibu wa baadhi ya mimea tunayoipika kama mlenda.

Udhaifu wake nao niutaje bila kuficha. Mbegu ina ganda gumu na huchelewa kuota, hata ukiiloweka. Ndege hukuwahi. Ukiuacha bila kupogolea unakuwa msongamano wa matawi ambao hata kuku hapiti. Na soko la matunda yake ni dogo mno. Utauza kikombe kimoja kimoja kwa watoto wa shule, wala usijenge hesabu ya mkopo juu yake.

Lakini kwa mkole huhitaji kuotesha mbegu hata kidogo, na hapa ndipo unapoipita mimea yote niliyoitaja. Shamba lililokatwa mara kumi bado lina visiki vyake vilivyo hai chini ya udongo. Huku Dodoma njia hii inajulikana kama kisiki hai. Unatafuta kisiki kinachochipua, unachagua machipukizi mawili hadi matano yaliyonyooka na yenye afya, unakata mengine kwa panga kali kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike, unapunguza matawi ya chini ya yale uliyobakiza, kisha unafunga kitambaa chenye rangi ili mkulima mwenzio na mchungaji wajue kwamba kichaka hiki kina mwenyewe. Miezi michache baadaye unarudi kuondoa machipukizi mapya yasiyotakiwa. Gharama ni panga na kitambaa. Mizizi ilishamaliza kazi yake miaka mingi iliyopita, kwa hiyo chipukizi hukua haraka kuliko mche wowote wa kitaluni.

Sharti lake ni ulinzi. Mbuzi atakula chipukizi lote kwa dakika mbili. Kondoa walilijua hilo kwa njia ngumu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200 lililokuwa limekatwakatwa na makorongo. Uamuzi ule uliwaumiza wafugaji na sitaki kuupamba, lakini uoto ulirudi, na sehemu kubwa ilirudi yenyewe. Wewe huhitaji kumfukuza mbuzi wa mtu. Matawi ya miiba ya mkunazi yaliyozungushwa kisiki kwa misimu miwili yanatosha.

Mtundwi na ukali wake

Tundwi ni chachu. Likiwa halijaiva vizuri linakunja uso mzima. Subiri liive kupita kiasi kidogo, hadi ukilibonyeza kwa kidole linakubali, ndipo utamu unajitokeza. Ukilikamua na kuongeza sukari linatoa juisi yenye rangi nzuri, na kwa jamu linafaa kuliko kole na kunazi, kwa sababu uchachu wake unabaki hata baada ya kupikwa na sukari.

Mali kubwa ya mtundwi imo ndani ya kokwa. Karibu theluthi mbili ya kiini chake ni mafuta, mazito, ya kupaka nywele na ngozi na kulainisha ngozi za wanyama. Kusini mwa Afrika yametumika hivyo tangu zamani, na Namibia wanakijiji hukusanya kokwa za mtundwi wa pili, Ximenia americana, na kuziuza kwa ajili ya viwanda vya vipodozi. Kwa kikundi cha akina mama wenye mashine ndogo ya kukamulia alizeti, na alizeti Dodoma na Singida si ngeni, hili ni jambo la kujaribiwa kwa dhati. Tahadhari moja: ni mafuta ya kupaka. Viini visiliwe vibichi, hasa vya yule ndugu mwenye harufu ya lozi chungu, kwa sababu vina viambata vinavyotoa sumu ya sayanidi.

Kwa nini basi nasema usiupande kwanza? Kwa sababu ya tabia yake chini ya ardhi. Mtundwi una majani ya kijani na hujitengenezea chakula, lakini mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya majirani na kunyonya maji na chumvichumvi kutoka kwao. Ni nusu kupe. Porini kwenye majirani wengi haidhuru. Ukiupanda mita mbili kutoka kwenye mche wako mpya wa mkunazi, hapo umemletea mgonjwa wako mtu wa kugawana naye uji. Mbegu zake pia, kwa kuwa zina mafuta, hazikai. Zipandwe zikiwa mbichi, na mche ukae karibu na mmea mwingine tangu kitaluni. Kazi yote hiyo anaiweza mwenye uzoefu. Anayeanza auache ule alioukuta, tena kwenye mpaka wa shamba ambako jirani zake ni vichaka vya kawaida.

Mkunazi sokoni

Hapa sihitaji maneno mengi, kwa kuwa mkunazi kila mtu anaujua. Kunazi zinauzwa kwa mafungu stendi, njiani na nje ya shule. Zikikauka hazipotezi mnunuzi. Watu wa pwani wanauheshimu kwa sababu nyingine, majani yake yakiwa ndiyo ya kuoshea maiti, na wapo wanaotafuta majani hayo hadi Dodoma mjini msiba unapotokea.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mkunazi wa porini unaweza kugeuzwa. Wahindi wana aina za bustani, kama Umran na Gola, zenye tunda kubwa mara kadhaa kuliko letu. Mkunazi wa pori ukikatwa usawa wa goti au kiuno, ukachipua, chipukizi changa likapachikwa jicho la aina hiyo kubwa, unapata mti wenye mizizi ya Ugogo na tunda la duka la matunda. Mizizi hiyo mirefu ndiyo iliyotafuta maji kwa miaka. Hakuna mche wa kununua utakaokupa kitu hicho. Mti uliobebeshwa unaweza kuanza kuzaa baada ya miaka miwili au mitatu, na baada ya hapo unahitaji kupogolewa kila mwaka, ama sivyo unakuwa kichaka cha miiba chenye matunda madogo juu usipoweza kufika.

Ubaya wake ni kwamba unasambaa. Ng'ombe na mbuzi hula tunda na kuangusha mbegu kila wanapopita, na malisho yasiyoangaliwa huweza kujaa mikunazi. Miiba yake inatoboa tairi la baiskeli. Katika uwanja wa watoto wadogo mimi singeuweka.

Ukiiweka mmoja mbele ya mwingine

Kwa njaa, mkole na mkunazi viko mbele, kwa sababu matunda yake hukauka na kuhifadhika. Si jambo la nadharia hapa kwetu. Kati ya 1917 na 1920 Ugogo ulipita katika njaa ambayo wazee waliiita Mtunya, baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuchukua nafaka, mifugo na wanaume wa upagazi, kisha mvua ikakosekana. Nyakati za namna hiyo porini ndiko kulikobaki ghala. Shamba lisilo na kichaka hata kimoja halina akiba hiyo.

Kwa mifugo, mkole bila mjadala. Mbuzi hula majani ya mkunazi pia, ila huyafikia kwa tabu kati ya miiba. Mtundwi usiuhesabu kama malisho.

Kwa uzio, hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoshinda, na nitatoka nje ya mada kidogo. Ukitaka uzio wa kuliwa, tafuta mchongoma (Flacourtia indica). Una miiba mikali hadi kwenye shina na matunda mekundu ya kukolea yanayofaa kuliwa na kupikwa jamu. Ila kumbuka kwamba dume na jike ni mimea tofauti, kwa hiyo ukipanda mmoja peke yake unaweza kusubiri tunda hadi uchoke. Panda mingi kwa mstari. Naupendekeza mbele ya minyaa inayozungushiwa nyumba nyingi hapa, kwa sababu utomvu wa minyaa ukiingia machoni mwa mtoto ni dharura ya hospitali.

Kwa dawa, nimenyamaza makusudi. Mizizi na magome ya yote mitatu hutumika kwa tiba za asili, na kila kijiji kina maelezo yake. Sioni busara kumchagulia mtu kichaka kwa sababu ya ugonjwa. Zaidi ya hapo, kichaka kinachochimbwa mizizi kila wiki hakiishi.

Kwa muda wa kusubiri, kisiki cha mkole na mkunazi wa kubebesha kwenye shina la pori vinakupa matunda wakati mche wa mbegu bado uko magotini. Mtundwi wa mbegu ndio wa mwisho.

Sasa chagua

Mwenye ekari tatu na mbuzi kumi Bahi au Chamwino, ambaye analima uwele au mtama: abakize mikole ishirini hadi thelathini kwa ekari, ikiwa imepogolewa shina ili jembe lipite na kivuli kisizidi. Majani yakipukutika yanabaki kwenye udongo wake. Mikunazi miwili mitatu abebeshe karibu na nyumba, ambako jicho la mtu linafika.

Kikundi kinachotafuta bidhaa ya kuuza kizungumze kwanza na serikali ya kijiji kuhusu mitundwi iliyo kwenye pori la kijiji, maana ukusanyaji bila utaratibu huishia kwa watu kukata tawi zima ili kupata matunda ya juu. Kianze kwa kukusanya kokwa za matunda yaliyokwisha kuliwa na kukamuliwa juisi. Huko ni kupata mali mbili kwa tunda moja.

Mwenye kukodi shamba kwa mwaka mmoja mmoja asihangaike na kubebesha. Ateue visiki vya mkole, apogolee, na fito na malisho atayapata ndani ya muda wake. Akikubaliana na mwenye shamba kwa maandishi kwamba vichaka hivyo visikatwe, vizuri zaidi.

Na yule mwenye kiwanja cha mita za mraba 600 Iyumbu anayesubiri greda Jumamosi: pita kesho asubuhi na mtu mzima wa hapo jirani, umsalimie mbukwenyi, umwombe akuonyeshe kipi ni kipi. Funga kitambaa chekundu kwenye mkole mmoja ulio kwenye kona ambayo ramani ya nyumba haijaigusa. Mkunazi ukiwepo, ubakize kama tu uko upande wa nyuma, mbali na njia ya watoto, na kama una mtu wa kukubebeshea. Mtundwi kwenye kiwanja cha ukubwa huo hapana, hautapata majirani wa kutosha isipokuwa miti yako mwenyewe. Halafu mwambie dereva wa greda uso kwa uso, kabla hajawasha mashine, kwamba vitambaa vyekundu haviguswi.